Pawa saplai ya kompyuta ya gemu ya bei nafuu: ubaki na ya ofisini, uchukue ya keisi, ya Bronze au ya Gold ya mtumba?

Kompyuta nyingi za gemu za bei nafuu Afrika Mashariki hazikutengenezwa kwa ajili ya gemu. Ni Dell OptiPlex, HP EliteDesk au Lenovo ThinkCentre iliyomaliza kazi yake ofisini Ulaya au Dubai, ikaingia Kariakoo au Luthuli Avenue, mnunuzi akaiongezea RAM, SSD, na mwishowe kadi ya grafiki. Swali la pawa saplai, boksi la ndani linaloigawia kompyuta umeme, huja hapo mwishoni, tena likiwa limechelewa: kadi imeshanunuliwa, ina tundu la pini 8, ndani ya kompyuta hakuna waya wa kuchomeka humo, na duka la jirani lina boksi lililoandikwa 500W kwa bei ndogo sana.

Njia zilizopo ni nne. Unaweza kubaki na pawa saplai iliyokuja na kompyuta na kuchagua kadi inayoimudu. Unaweza kununua ile isiyo na jina, ya aina inayouzwa pamoja na keisi. Unaweza kununua mpya ya kampuni inayojulikana, yenye nembo ya 80 Plus White au Bronze (madaraja ya ufanisi wa umeme, Gold ikiwa juu yake). Au utafute ya Gold iliyokwisha kutumika. Tunazilinganisha kwa mashine moja, OptiPlex 9020 ya keisi kubwa (Dell huiita MT) yenye pawa saplai ya 290W na prosesa ya Core i5-4590, kwa sababu zimejaa sokoni na kwa sababu ina karibu kila kikwazo ambacho mtu atakikuta kwenye ndugu zake.

Msimamo wetu tuutangulize. Kwa umeme wetu, vitu viwili vilivyoandikwa kwenye lebo ndivyo vinavyoamua: ampea za laini ya volti 12, na volti ambazo pawa saplai inakubali kupokea kutoka ukutani. Rangi ya nembo inafuata nyuma yake. Namba kubwa ya wati iliyochapishwa kwenye boksi ni ya mwisho kutazamwa.

Hesabu ya kadi kwanza

i5-4590 imepangiwa wati 84. Madabodi, RAM, SSD moja, hadi diski moja na feni, viwekee wati 40 kwa jumla. Hapo una 124 kabla ya kadi. Ongeza wati za kadi, kisha hakikisha jumla inaangukia kati ya nusu na theluthi mbili hivi ya uwezo wa kweli wa pawa saplai. Nafasi inayobaki haipotei bure. Kadi za grafiki huruka juu ya wati zake kwa milisekunde chache kila picha inapobadilika ghafla, na ni miruko hiyo inayozima kompyuta katikati ya mechi wakati hesabu ya wastani inaonyesha kila kitu kiko sawa.

| Kadi | Wati zake | Plagi ya ziada | Pawa saplai ya kweli inayotosha |
|---|---|---|---|
| GTX 1050 Ti au GTX 1650 isiyo na plagi | 75 | hakuna | 290W ya Dell yenyewe |
| RTX 3050 ya GB 6 | 70 | hakuna | 290W ya Dell yenyewe |
| GTX 1060 ya GB 6 | 120 | pini 6 | 400 hadi 450W |
| GTX 1660 Super | 125 | pini 8 | 450W |
| RX 6600 | 132 | pini 8 | 450W |
| RX 570 | 150 | pini 8 | 450 hadi 500W |
| RTX 3060 | 170 | pini 8 kwa kadi nyingi | 550W |
| RX 580 | 185 | pini 8 | 500 hadi 550W |

Tazama RX 6600 na RX 580. Ya kwanza ni mpya zaidi, inacheza gemu vizuri zaidi, na inakula wati 53 pungufu. RX 580 za mtumba zinaonekana rahisi mpaka ujumlishe tofauti ya bei ya pawa saplai, na nyingi zimepitia uchimbaji wa sarafu za kidijitali. Anayeanza bila kadi mkononi ajumlishe bei ya kadi na ya pawa saplai kwa pamoja kabla ya kulinganisha chochote.

Lebo mbili, zote 500W

Geuza pawa saplai ubavu usome jedwali lake. Wati za boksi hujumlisha laini zote: volti 12, volti 5, volti 3.3 na vijilaini vidogo. Kompyuta ya leo inakula karibu kila kitu kwenye volti 12, maana prosesa na kadi ya grafiki zote zinachota hapo. Kwa hiyo zidisha ampea za volti 12 kwa 12, ndipo utajua umeshika nini.

EVGA 500 W1, pawa saplai ya kawaida kabisa ya daraja la White, ina ampea 40 kwenye volti 12. Hiyo ni wati 480 kati ya 500. Sasa chukua ile ya keisi. Mara nyingi utakuta volti 12 ina ampea 18, halafu volti 5 na volti 3.3 zimepewa ampea nyingi kama kompyuta za zama za Pentium 4 zilivyozihitaji. Ampea 18 mara 12 ni wati 216. Hiyo ni chini ya ile 290W ya Dell uliyotaka kuing'oa.

Kuna lebo zinazoonyesha laini mbili za volti 12, kwa mfano 12V1 ampea 14 na 12V2 ampea 15. Usizijumlishe. Tafuta mstari unaotaja jumla ya juu ya laini hizo mbili kwa pamoja, ndiyo namba ya kushika. Lebo isiyo na mstari huo, irudishe kaunta.

Kwenye lebo hiyo hiyo tafuta neno INPUT. Utaona mojawapo ya maandishi matatu: 100–240V, au 200–240V, au 115/230V pamoja na swichi nyekundu nyuma. Tofauti kati ya hayo matatu tutaieleza kwa kirefu chini, kwa sababu kwa msomaji wa Mbagala au Kayole ina uzito kuliko Bronze na Gold.

Kubaki na ya Dell

Watu wengi wanaidharau ile 290W kwa sababu ya namba yake. Ni pawa saplai ya kweli: inatoa ilichoandika, ina kinga zake, na imeundwa kukaa kazini miaka. Ukiipa i5-4590 na kadi ya wati 75, jumla inafika 199, sawa na asilimia 69 ya uwezo wake. Hapo iko salama.

Kikwazo chake ni kwamba haina waya wa plagi ya pini 6 wala 8 kwa ajili ya kadi. Kila wati ya kadi lazima ipite kwenye tundu la madabodi, na tundu la PCI Express linatoa mwisho wati 75. Kwa hiyo chaguo lako ni GTX 1050 Ti, GTX 1650 ya toleo lisilo na plagi, au RTX 3050 ya GB 6 iliyotoka mwaka 2024. Angalia picha ya kadi yenyewe kabla ya kulipa, maana GTX 1650 nyingi zimetengenezwa na tundu la pini 6 ingawa jina ni lile lile.

Mwenye OptiPlex ya keisi nyembamba, SFF, hana mjadala mrefu. Ya 9020 SFF ina wati 255, pawa saplai ya ATX (umbo la kawaida linalouzwa madukani) haiingii humo, na kadi lazima iwe ya kimo kifupi. GTX 1650 au RTX 3050 ya GB 6 za kimo kifupi zinafaa. RX 6400 inaingia na inakula wati 53 tu, ila inatumia njia 4 za PCI Express, na kwenye madabodi ya kizazi hiki inapoteza kasi inayoonekana kabisa.

Usidanganyike na adapta ya SATA kwenda pini 8. Plagi ya SATA ina pini tatu za volti 12, kila moja imepangiwa ampea 1.5. Jumla ni ampea 4.5, yaani wati 54. Tundu la pini 8 la kadi lina haki ya kuomba wati 150. Plastiki ya plagi inalainika, pini zinagusana, na kinachofuata ni moshi. Tena kwenye 9020 waya za SATA zinatoka kwenye madabodi, si kwenye pawa saplai, kwa hiyo kitakachoungua ni njia za shaba za bodi. Fundi anayekuuzia adapta hiyo akusaidie "kujaribu kwanza" anaijaribu mashine yako.

Ya keisi, isiyo na jina

Hatuna matumizi tunayoweza kuyapendekeza kwa pawa saplai hii kwenye kompyuta yenye kadi ya grafiki. Sababu ziko ndani, na nyingi unaziona bila kufungua skrubu, kwa kumulika tochi ya simu kupitia matundu ya feni.

Mahali umeme unapoingilia panapaswa kuwa na koili moja au mbili na kapasita ndogo zenye umbo la boksi. Hizo ndizo zinazochuja makelele ya umeme wa nje. Kwenye zile za bei ya chini bodi ina nafasi zilizochorwa kwa ajili ya vifaa hivyo, lakini pamewekwa vipande vya waya tu. Vipande vya alumini vya kupozea ni vyembamba kama kifuniko cha mkebe. Shika pawa saplai mkononi: ya 500W ya kweli huwa nzito waziwazi, kilo moja na nusu hivi au zaidi. Waya nazo zina maandishi ubavuni. 18AWG ni unene sahihi. Ukiona 20 au 22AWG kwenye waya wa kadi, waya huo utapata moto, maana namba ikipanda unene unapungua.

Kisha swichi nyekundu. Pawa saplai yenye swichi ya 115/230 haina PFC amilifu, yaani mzunguko unaorekebisha namna umeme unavyovutwa ukutani. Ikiwekwa 230, umeme wa ukutani unageuzwa kuwa volti 325 hivi za moja kwa moja, na kapasita mbili kubwa za volti 200 kila moja zinagawana mzigo huo. Ikiwekwa 115 ukachomeka kwenye umeme wetu, mzunguko unazidisha mara mbili, na kila kapasita ya volti 200 inapokea 325 peke yake. Inapasuka kwa mlio mkubwa ndani ya sekunde chache. Pawa saplai zilizotumwa na ndugu kutoka Marekani zinaweza kuja swichi ikiwa 115, kwa hiyo tazama kabla ya kuchomeka.

Kibaya zaidi ni namna inavyokufa. Pawa saplai nzuri ikizidiwa hujizima: ina kinga ya shoti, ya volti kuzidi, ya wati kuzidi, na nyingine ya joto. Isiyo na kinga inaweza kufa huku ikipeleka volti za juu kwenye madabodi, diski na kadi. Unapoteza kadi yenye thamani mara kadhaa ya pesa uliyookoa.

White au Bronze, na umeme wa ukutani

Hapa ndipo pesa ya watu wengi inapoishia, kwa hiyo tukae kidogo.

80 Plus ni kipimo cha ufanisi peke yake: kati ya umeme unaotolewa ukutani, kiasi gani kinafika ndani ya kompyuta bila kugeuka joto. Katika kipimo cha volti 115, nusu ya mzigo, White inadai angalau asilimia 80, Bronze 85, Gold 90. Nembo haisemi lolote kuhusu kinga, ubora wa kapasita au unene wa waya. Vipimo vyenyewe hufanywa kwenye joto la nyuzi 23, ambalo chumba cha Dar es Salaam mwezi wa Februari hakilijui.

Tupige hesabu ya bili. Kompyuta inayokula wati 250 ndani itavuta 312 ukutani ikiwa na White, 294 ikiwa na Bronze, 278 ikiwa na Gold. Ukicheza saa 4 kila siku mwaka mzima, Bronze inakuokolea uniti 27 dhidi ya White, na Gold inakuokolea nyingine 24 dhidi ya Bronze. Zidisha kwa bei ya uniti kwenye risiti yako ya LUKU au tokeni, kisha linganisha na tofauti ya bei dukani. Kwa wengi, kupanda kutoka Bronze hadi Gold mpya hakurudishi pesa yake kwa njia ya bili.

Kinachorudisha pesa ni volti za kuingia. Kwenye rafu utakuta pawa saplai za White zilizoandikwa "230V" kwenye jina, kama Cooler Master MWE White 230V. Hizo zinapokea 200–240V. Umeme wa Tanzania ni volti 230 na wa Kenya ni 240, kwa hiyo kwenye karatasi hakuna tatizo. Tatizo ni saa mbili usiku, mtaa wote umewasha majiko, pasi na friji, na nyumba yako iko mbali na transfoma. Volti zinaweza kushuka chini ya 180. Pawa saplai ya 200–240V hapo iko nje ya ahadi ya mtengenezaji: inajizima, au inaendelea kwa kuvuta ampea nyingi kuliko zilizokusudiwa huku ikichemka. Ile ya 100–240V haishtuki. Volti 160 kwake ni kazi ya kawaida, na hauhitaji stebilaiza kwa ajili ya umeme mdogo.

Kwa hiyo mtu anayekaa mahali taa zinapofifia jioni achague Bronze ya 450W yenye 100–240V mbele ya White ya 600W yenye 200–240V. Anayekaa karibu na transfoma na umeme wake umetulia, White ya 230V ya kampuni inayojulikana itamtosha, na tofauti ya bei aiongeze kwenye kadi. Usiamini jina la modeli kwa hili: toleo la mwaka mmoja na la mwaka mwingine yanaweza kutofautiana, na lebo iliyo mbele yako ndiyo inayosema kweli.

Jambo la pili ni namna volti zinavyodhibitiwa. Pawa saplai za bei ya chini hutumia koili moja kwa volti 12 na volti 5 kwa pamoja. Kadi inapovuta sana kwenye 12 huku hakuna kinachovuta kwenye 5, volti 12 inazama na volti 5 inapanda. Zile zenye mfumo wa DC-DC huzalisha volti 5 na 3.3 kutoka kwenye 12, na laini hizo hazivutani. Bronze za miaka ya karibuni kama Cooler Master MWE Bronze V2 zina DC-DC, na watengenezaji huitaja wazi kwenye maelezo kwa sababu inauza. Isipotajwa, chukulia haipo.

Kwenye 9020 hili lina athari ya ziada. Prosesa za Intel za kizazi cha 4, kama i5-4590, zina usingizi mzito wa C6 na C7 (hali za kupumzika), ambapo prosesa inaweza kushusha matumizi yake hadi ampea 0.05 kwenye volti 12. Pawa saplai ya koili moja inaweza kuona mzigo umetoweka ikajizima au ikayumba, na wewe utaona kompyuta inazima ikiwa haifanyi chochote, wakati kwenye gemu iko imara. Dawa yake ni kuingia BIOS ya Dell, sehemu ya Performance, na kuzima C States Control.

Wenye UPS waongeze hesabu nyingine. UPS ya 650VA haitoi wati 650. Nyingi hutoa kati ya nusu na asilimia 60 ya namba hiyo, na kompyuta inayovuta 294 ukutani pamoja na monita inaweza kuijaza yote. Pawa saplai zenye PFC amilifu pia huwa na ugomvi na UPS za bei nafuu zinazotoa wimbi la ngazi badala ya wimbi laini: umeme unakatika, UPS inalia, kompyuta inazima hivyo hivyo. Ukichagua UPS yenye wati karibu mara mbili ya unachovuta, tatizo hili hupungua sana.

Gold ya mtumba

Seasonic au Corsair RM ya 650W iliyotumika miaka mitatu mara nyingi ni bora kuliko Bronze mpya ya bei sawa. Ina kapasita za Kijapani, DC-DC, volti 100–240, na feni tulivu. Hatari zake ni mbili.

Ya kwanza ni historia. Iliyotoka kwenye mashine ya kuchimba sarafu imefanya kazi saa 24 kwa mzigo wa kudumu. Nusa matundu ya feni. Harufu ya kuungua haifichiki. Tazama plagi za pini 8: plastiki iliyogeuka kahawia kuzunguka pini ni sababu ya kuondoka.

Ya pili ni waya. Nyingi za Gold zina waya za kuchomoa, na muuzaji wa mtumba huzikusanya zote kwenye ndoo moja. Upande wa kadi plagi zinafanana kwa kampuni zote, lakini upande wa pawa saplai kila kampuni hupanga pini zake inavyotaka, na hata modeli mbili za kampuni moja zinaweza kutofautiana. Waya wa SATA wa kampuni nyingine utaingia vizuri kabisa na kupeleka volti 12 mahali SSD inapotarajia 5. SSD inakufa papo hapo pamoja na kila kilichomo. Bila waya zake za asili, usiinunue, hata ikiwa nusu ya bei.

Kuna njia ya pembeni ambayo wengi hawaiulizii: badala ya kubadilisha pawa saplai ya OptiPlex, tafuta kompyuta ya kazi nzito ya mtumba. HP Z420 ilipatikana ikiwa na 600W, na Dell Precision T3610 ilipatikana ikiwa na 685W, zote zikiwa na waya za kadi tayari. Kama bado hujanunua mashine, uliza bei zake kwanza.

Plagi zisizolingana

OptiPlex 7010 na 9010 zina plagi ya kawaida ya pini 24. Hapo pawa saplai yoyote ya ATX inaingia moja kwa moja. Kuanzia 3020, 7020 na 9020, Dell ilihamia pini 8. Unahitaji adapta ya pini 24 kwenda pini 8 iliyotengenezwa kwa modeli hizo, na ununue siku ile ile unaponunua pawa saplai. HP EliteDesk 800 G1 ina pini 6, na madabodi yake hutaka volti 12 hata kompyuta ikiwa imezimwa, wakati ATX hutoa volti 5 tu katika hali hiyo. Adapta yake ni ile yenye kibodi kidogo cha kupandisha volti katikati ya waya. Lenovo za kipindi hicho zina pini 14, za baadaye pini 10. Adapta za kampuni hizi hazibadilishani, hata plagi ikikubali kuingia.

Kufunga na kupima

Chomoa waya wa ukutani, bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde kumi ili mabaki ya umeme yaishe, ndipo ufungue skrubu nne za nyuma. Pawa saplai ya urefu wa milimita 140 inakaa vizuri kwenye 9020 MT. Ya 160 yenye waya za kuchomoa inabana. Feni itazame ndani ya keisi. Plagi ya prosesa kwenye bodi hii ni pini 4, kwa hiyo gawanya ile ya 4+4 utumie nusu moja. Usiichanganye na 6+2 ya kadi. Zinafanana kwa mbali, lakini chanya na hasi zimekaa kinyume, na ukiilazimisha umepiga shoti. SSD na diski zipe waya za SATA za pawa saplai mpya, ukiacha tundu la SATA la madabodi tupu.

Ukiwasha na mwanga wa mbele ukamweka rangi ya chungwa, madabodi haijapata umeme wake sawasawa. Mara nyingi ni adapta haijaingia hadi mwisho, au pini 4 za prosesa zimesahaulika.

Kuwaka peke yake si kipimo. Chukua multimita, weka ncha nyeusi kwenye waya mweusi na nyekundu kwenye waya wa njano wa plagi ya Molex isiyotumika, kompyuta ikiwa imetulia. Ruhusa ni 11.40 hadi 12.60. Kisha endesha FurMark na Prime95, programu za kuisukuma kadi na prosesa hadi mwisho, kwa pamoja kwa dakika 30 huku ukisoma. Kushuka kutoka 12.10 hadi 11.95 ni kawaida. Ikizama chini ya 11.6 na kuendelea kuteremka kadiri inavyopata joto, irudishe ukiwa bado ndani ya siku za majaribio ulizopewa na muuzaji. Kwa hiyo kipimo hiki kifanye siku ya kwanza, na risiti iandikwe modeli na namba ya pawa saplai. Usitegemee namba za volti zinazoonyeshwa na programu ndani ya Windows, kwa sababu kihisi cha madabodi hukosea sana.

Ile 290W ya Dell usiiuze. Kompyuta ikigoma kuwaka mwakani, chomoa kadi na adapta, irudishe ya Dell, tumia grafiki ya ndani ya prosesa kwa kuchomeka monita kwenye madabodi: ikiwaka, madabodi ni mzima na kosa liko kwenye kadi, adapta au pawa saplai mpya, na fundi hatakuwa na sababu ya kukuuzia bodi nyingine.